Aliyetufundisha Kufunga Kiwanja: Dkt. Dorkas Somang Tauwala, 1968–2025

Wewe ungefungua kiwanja?

Mgonjwa ni dada yako, tumbo limemvimba na homa inamchoma. Ndege imeshavuka mlima, unaisikia kwa masikio yako. Kiwanja kimeloa. Rubani anauliza kwenye redio kama atue, na jibu ni lako peke yako. Kila mmoja wenu aliyeketi hapa kwenye nyasi ajijibu moyoni kabla sijaendelea, na asijidanganye. Marehemu tunayemzika leo aliwauliza watu swali hilo kwa miaka kumi na tano, na hakuwahi kumpa alama mtu aliyejidanganya.

Marehemu Dkt. Dorkas Somang Tauwala, shangazi yangu, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1968 hapa Kombonga, wilaya ya Kabwum, mkoani Morobe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Somang Gewe na mama Yalinu, ambao wote wametangulia. Mwaka huo watu wa Kombonga walikuwa wakijenga kiwanja chetu cha ndege kwa mikono. Walipomaliza kusawazisha, wamisionari wakasema udongo bado ni laini, ndege itazama. Basi vijiji vya jirani vikaitwa, watu wakavaa manyoya, ngoma zikapigwa, wakaucheza udongo ule kwa nyayo zao kutwa nzima mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Babu alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika bibi katikati ya mchezo, na kwamba Dorkas alizaliwa ukingoni mwa kiwanja. Bibi hakumwacha amalize hata mara moja. "Mwongo huyu. Nilizaa kwa mama yangu, kwenye majani makavu, kama mwanamke yeyote mwenye akili. Yeye alikuwa huko anacheza, hata habari hakuwa nazo."

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa hapa kuanzia mwaka 1976 hadi 1981, akachaguliwa kwenda sekondari Lae. Siku ya safari, Januari 1982, alisimama kwenye mizani pamoja na mkoba wake wa kamba na viazi vitamu alivyofungiwa na bibi, kama sisi sote tunavyosimama hadi leo. Babu alikuwa amsindikize. Uzito ukazidi, na wakala wa kiwanja akasema mtu mmoja ashuke.

"Ndugu yangu, si unanijua?" babu akamwambia. "Kiwanja hiki nimekikanyaga kwa miguu yangu."

"Nakujua, Somang. Mizani ndiyo haikujui."

Babu akashuka. Mtoto wa miaka kumi na tatu, ambaye hakuwa ameona bahari wala lami, akaruka peke yake akilia mpaka Nadzab, uwanja wa ndege wa Lae. Shangazi aliniambia kwamba alimchukia wakala yule kwa miaka mingi, hata kanisani wakikutana alikuwa akiangalia ukuta. Baadaye, akiwa chuoni, alifundishwa jinsi uzito unavyopimwa na ndege inavyohitaji nafasi ya kupaa, akachukua urefu wa kiwanja chetu na mteremko wake akapiga hesabu ya siku ile. Alipopata jibu aliiweka kalamu chini. Likizo iliyofuata alimpelekea yule mzee kuku mzima, na mzee akamwuliza ni wa nini.

Alipata shahada ya kwanza ya biashara Port Moresby mwaka 1990. Shahada ya uzamili aliipata Brisbane mwaka 1998, na ya uzamivu huko huko mwaka 2005. Katikati ya masomo alifanya kazi ya kupanga safari katika shirika la ndege, kazi aliyosema ilimfundisha kuichora nchi yote usiku na mchana bila kuangalia ramani. Mwaka 2008 alijiunga na chuo kikuu chetu cha Port Moresby na kukabidhiwa kazi iliyokuja kuwa maisha yake, yaani kuunda mtaala wa shahada ya usimamizi wa usafiri wa anga.

Wenzake walitarajia achukue mtaala wa nje, abadilishe majina ya miji, waanze kusajili wanafunzi. Aliwajibu katika kikao cha kwanza: "Huko unakotoka mtaala huu, meneja wa uwanja anasimamia maduka na maegesho ya magari. Wa kwetu atasimamia nyasi, nguruwe na ndugu zake."

Sikuwa mwanafunzi wake, mimi nilisoma sheria, lakini niliishi nyumbani kwake miaka minne na nilimwona akifanya kazi. Hakuanza na vitabu. Alianza na mhitimu mmoja, amesimama peke yake asubuhi ngumu mahali pasipo na bosi wala polisi. Alijiuliza mtu huyo anatakiwa aweze kufanya nini, kisha akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Kila somo lilitakiwa limfikishe mhitimu yule pale. Kama halikumfikisha, alilifuta, hata kama aliyelipendekeza ni mkuu wa kitivo. Nauli zilikuwemo, sheria za anga zilikuwemo, hesabu za mafuta na mipango ya safari vilikuwemo. Lakini moyo wa shahada ile ulikuwa somo la mwaka wa tatu ambalo halikuwa na kitabu. Liliitwa Kufunga Kiwanja.

Mtihani wake ulikuwa hivi. Mwanafunzi alikalishwa mbele ya redio. Alipewa hali ya kiwanja: kimeloa, hakifai. Halafu mlango ulifunguliwa wakaingia akina mama wa sokoni, aliowaalika Shangazi mwenyewe, wakiongozwa na muuza karanga aitwaye mama Geua. Kazi yao ilikuwa kuomba. Walilia, walitukana, walitafuta undugu, walipiga magoti. Mwanafunzi aliyefungua kiwanja alikuwa amefeli.

Filemon Yakep wa kijiji hiki alifanya mtihani huo mwaka 2017. Mama Geua alimtazama tu akajua pa kumshika.

"Wewe si wa Morobe, mwanangu? Bibi yangu alitoka Morobe. Mimi na wewe ni damu."

"Mama, kiwanja kimeloa."

"Kimeloa? Na macho yangu je, yamekauka? Nina binti anajifungua huko, na wewe unaniambia habari za matope?"

Filemon akafungua. Shangazi akaandika sifuri, akamwambia, "Umeua watu sita, Filemon, na mtoto aliye tumboni. Nenda ukale, urudi wiki ijayo." Mama Geua akajifuta uso kwa kanga yake na kumpiga mgongoni. "Pole, mwanangu. Si kosa lako. Mimi nalia vizuri sana." Wiki iliyofuata alilia vizuri zaidi, na Filemon hakufungua. Alipohitimu alipata nafasi Port Moresby, ofisi yenye kiyoyozi. Akaiacha, akarudi hapa mwaka 2019 kuwa wakala wa kiwanja cha Kombonga.

Novemba mwaka jana chuo kiliondoa somo lile. Walitaka shahada yao ifanane na ya chuo cha nje wanachoshirikiana nacho, na mjumbe mmoja akasema kikaoni kwamba uwezo wa kusema hapana haupimiki. "Nimeupima miaka kumi na tano," Shangazi akamjibu. Watu wakacheka. Alirudi nyumbani siku ile akakaa jikoni bila kuvua viatu. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. "Watabaki na shahada ya maduka, Manase," aliniambia. Ndugu zetu kutoka chuoni mmeketi mstari wa mbele, mmetandikiwa mikeka, mmekula viazi vyetu, nanyi ni wageni wetu. Lakini sitawaficha: mlimvunja moyo. Na nitawaeleza mlichokifuta ni kitu gani.

Tarehe 17 Desemba 1994 marehemu alifunga ndoa mjini Lae na mwalimu wa hisabati Lemeki Tauwala wa Alotau. Bwana harusi alikuja kwa meli kutoka kwao Milne Bay, na kwa sababu ya bahari alifika mchana, suti ikinuka dizeli, wageni wakiwa wameshaanza kula. Alikuwa akiogopa ndege. Miaka thelathini ya ndoa yao, mume wa mtaalamu wa usafiri wa anga alikuja kwa wakwe zake kwa meli hadi Wasu, pwani, kisha akaipanda milima kwa miguu siku mbili, huku mkewe amefika juzi yake na ameshalala usingizi wa kutosha. "Umechelewa tena," Shangazi alikuwa akimwambia akimpokea mzigo. Naye alijibu kila mara, "Nimefika mzima." Walijaliwa watoto wawili, Gwen na Somang. Walipendana kwa namna ambayo sisi vijana tuliionea wivu, bila maneno mengi, wakigombania nani aoshe vyombo.

Marehemu alikuja nyumbani tarehe 14 Desemba kwa ajili ya Krismasi, nami nikiwa naye. Alisema anataka kuliandika upya lile somo, alirudishe chuoni kwa sura ambayo hawataweza kuicheka. Alipita kiwanjani kila asubuhi na Filemon. Aliwakusanya watu, baba yangu akiwemo, akawaonyesha jinsi ya kukijua kiwanja kwa kisigino na fimbo. Jumatatu tarehe 6 Januari alianza kuumwa tumbo. Jumatano muuguzi wetu, mama Asupa, alisema ni kidole tumbo na kwamba kimeshapasuka, kinamhitaji daktari wa upasuaji Lae. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Mwaka Mpya. Mfereji wa upande wa juu wa kiwanja ulibomoka mwaka juzi. Kwa ajili ya mfereji ule tuliomba saruji tukapewa hotuba, tukaomba tena, tukapewa hotuba ndefu zaidi. Maji yote ya mlima yalikuwa yakiingia katikati ya kiwanja. Nalisema hili mbele ya kaburi kwa sababu ni hapa tu ndipo wakubwa wanapotusikiliza bila kuangalia saa.

Alhamisi tarehe 9 asubuhi mvua ikatulia, na ndege ikaondoka Nadzab. Mwalimu Lemeki alikuwa ameshafika Lae kumngoja mkewe hospitalini. Alikwenda kwa ndege. Tulipomwambia Shangazi, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Mwongo. Lemeki?" Tukambeba kwa machela hadi ukingoni mwa kiwanja, tukamfunika turubai. Filemon akakipita kiwanja chote kwa mabuti na fimbo yake. Alipofika katikati, fimbo ikazama. Alirudi uso umebadilika.

Baba yangu, Zakias Somang, mdogo wake marehemu, alimsogelea. Mkononi alikuwa na panga alilofyekea njia.

"Sema kiko sawa, Filemon."

"Baba Zakias, katikati pale hakuna ardhi. Ni uji."

"Huyu ni dada yangu."

"Najua, baba."

"Hujui. Alikupa kitanda nyumbani kwake. Ulikula sahani yake."

"Nilikula."

"Sasa ndiyo unamlipa hivi?"

Redioni rubani akauliza kwa mara ya pili hali ya kiwanja. Filemon akaiinua redio hadi mdomoni, kisha akaishusha. Ndipo Shangazi alipofunua turubai.

"Zaki, mwache mtoto wa watu. Filemon, njoo. Imezama mpaka wapi?"

Filemon akamwonyesha kwa kidole gumba. Shangazi akalitazama tope lile kwenye fimbo kama anavyotazama karatasi ya mtihani.

"Sasa unangoja nini? Mwenzio anamaliza mafuta huko juu."

"Mwalimu, siwezi."

"Unaweza. Umeshafeli mara moja, inatosha." Kisha akaongeza, kwa sababu Filemon alikuwa ameanza kutokwa machozi, "Na usilie kwenye redio. Hatakusikia vizuri."

Filemon akasema: Kombonga imefungwa. Akarudia, kama alivyofundishwa. Tuliisikia ndege ikizunguka juu ya wingu, kisha sauti ikawa ndogo, kisha tukabaki na sauti ya maji mferejini. Helikopta iliombwa, lakini mawingu ya mchana yalishuka yakaziba bonde lote. Vijana walikuwa wamefunga machela ya safari ndefu ya kwenda pwani, mama Asupa akawaambia hatafika hata mto wa kwanza. Alifariki dunia jioni hiyo nyumbani kwa baba yangu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. Karibu na mwisho aliuliza kama ule msalaba mweupe, ambao rubani akiuona kutoka angani anajua asitue, umeshatandikwa kiwanjani.

"Umetandikwa, dada," baba akamwambia.

Haukuwa umetandikwa. Katika kilio kile hakuna aliyeukumbuka.

Nilisikia yaliyosemwa baada ya hapo, na ninyi mliyasikia. Kwamba ukoo wa Yakep utalipa fidia ya nguruwe. Kwamba nguruwe hawatoshi. Kwamba yule kijana hakuwa na sababu, alitaka tu kujionyesha kwamba amesoma. Kuna waliokaa njiani kwenda kwao na mapanga. Mimi nasema leo, nikiwa mtoto wa nyumba iliyofiwa, kwamba Filemon Yakep hadaiwi na ukoo wa Somang hata yai. Ndege ile ilikuwa na rubani na muuguzi wa kutoka Lae, watu wenye mama zao. Kama kuna mtu anayedaiwa, tumtafute kwenye mfereji.

Na kwenu ndugu wa chuo: shangazi yangu aliufanya mtihani wake mwenyewe, akiwa amelala upande wa wanaoomba. Hakuomba. Mkirudi, waambieni hilo wale waliosema haupimiki.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Lemeki Tauwala. Watoto wawili, Gwen na Somang. Mjukuu mmoja, Yalinu, aliyepewa jina la bibi yetu. Mdogo wake, Zakias, pamoja na mkewe Rosina. Wapwa na wakwe wengi. Na wahitimu wake, waliotawanyika katika viwanja vya nchi hii, ambao wengi wao asubuhi hii wako kazini na ndivyo angetaka. Mungu amlaze pema katika udongo huu alikozaliwa. Kama ilikuwa ukingoni mwa kiwanja au kwenye majani makavu, babu na bibi watamalizana naye huko huko. Lala, Shangazi. Hakuna tena wa kukuamsha kwa redio.

Lakini sitaki mwondoke hapa na Alhamisi. Nawaachia asubuhi iliyofuata, niliyoiona kwa macho yangu.

Ijumaa tarehe 10 kulipambazuka anga jeupe, jua limewaka, mlima umeonekana mpaka kileleni. Ndege ilikuwa njiani tena, imebeba jeneza na Mwalimu Lemeki. Watu walijaa ukingoni, na wengi walikuwa wameshasema kwamba leo hakuna cha kuuliza, ndege itatua. Filemon akaja. Angeweza kubaki kwao, hakuna ambaye angemlaumu, lakini alikuja na mabuti yake na fimbo yake, mama yake akimfuata nyuma akilia. Baba yangu alikuwa amesimama katikati ya njia. Akaunyosha mkono, na Filemon akampa fimbo. Tulidhani ataivunja.

Baba akaingia kiwanjani peke yake. Alitembea polepole, akipiga kisigino na kuchoma fimbo, kama dada yake alivyomwonyesha wiki tatu kabla. Katikati fimbo ikazama. Aliichomoa, akasogea upande, akaichoma tena, ikazama. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu akasimama pale na kututazama, nami nikamwona akiinama akalia, mabega yakitikisika, bila sauti kutufikia.

Ngurumo ya ndege ikasikika nyuma ya mlima. Baba akanyanyuka, akaenda kwenye kibanda cha wakala, akatoka na vile vitambaa viwili virefu vyeupe. Filemon akakimbia kushika ncha ya pili. Wakavitandaza vikakatana kuwa msalaba, wakavigandamiza kwa mawe. Ndege ikashuka chini kuliko kawaida. Dirishani palikuwa na uso wa mtu, na sote tulijua ni nani. Rubani akauona msalaba, akainamisha bawa moja, akageuka kurudi Nadzab na jeneza tupu na shemeji yetu.

Baba hakuondoka. Alikuwa amezama mpaka vifundoni, fimbo bado mkononi, akiangalia pale ndege ilipopotelea. Filemon akamgusa mkono.

"Twende, baba. Kiwanja kimefungwa."

"Najua," baba akasema. "Nimekifunga mimi."